Bunduki ya Kumi na Mbili

Umoja One, Nairobi
8 Januari 2025

Mwanzia mkwe wangu,

Naomba barua hii ikufikie kabla Opicho hajaikalia. Yule dereva ni mtu mwema, lakini kila anachopewa anakiweka chini ya makalio, anasema hapo ndipo mahali salama zaidi katika lori lote. Najua kambini kwenu hakuna mtandao, na hata ungekuwepo nisingepiga. Simu ni ya kusema umefika. Mambo mengine yanataka karatasi.

Katika katoni utakuta chupa sita za mafuta ya cherehani, yale mepesi ninayotumia kwa mashine za mafundi wa hapa Mutindwa. Kuna galoni ya mafuta ya taa niliyoyachuja mara mbili kwa flana. Kuna pia vipande vya flana vilivyokatwa saizi ya kupita mtutuni, ambavyo zamani vilikuwa shuka, na mama Ndunge bado analitafuta.

Yale mengine uliyoagiza sikuyaelewa. Umeandika "dawa maalumu ya kuyeyusha masizi ya baruti, chupa moja," halafu "mafuta, kidogo tu". Hiyo dawa nimeiona katika duka moja la mjini. Muuzaji alipoifungua ilinuka kama ndizi zilizosahauliwa ndani ya gari. Sikuinunua. Masizi ya baruti nimeyaondoa miaka thelathini kwa mafuta ya taa na uvumilivu. Lakini kilichonikalia moyoni zaidi ni hilo neno "kidogo". Tangu lini?

Nakukumbusha, si kwamba umesahau, ni kwamba napenda kulisema. Safisha kwa kinachoyeyusha, kausha, kisha paka kinachokaa. Petroli usiiguse, mvuke wake kazi yake ni kutafuta kiberiti. Thina inakula vanishi ya mbao, na wewe mchonga vinyago, uliyekuja ghalani kwetu Mombasa kubadilisha vitako vya bunduki ukaondoka na binti yangu, hilo huhitaji kuambiwa. Mafuta ya injini ni ya injini. Ukishamaliza, paka mpaka chuma king'ae kama paji la uso la mhubiri. Mkaguzi akipitisha leso nyeupe, irudi na mafuta. Ikirudi kavu, fundi ni mvivu.

Opicho ananiambia mmeletewa Sajini wa kuwafundisha, mwanamke, na kwamba siku hizi kambi nzima husema "Sajini amesema". Vizuri. Mtu akisema ni adabu kumsikiliza. Kumfuata ni safari nyingine.

Nakutakia utulivu wa mikono.

Baba yako mkwe,
Titus Wathome
Fundi wa silaha, mstaafu


Kambi ya Bomba Mwisho
27 Januari 2025

Baba,

Nimepokea katoni, na nakusalimu kwa heshima. Opicho aliikalia, lakini hakuna kilichovunjika.

Hujawahi kufika huku, kwa hivyo nikueleze kidogo. Bomba la maji kutoka mlimani linaishia hapa kambini, ndiyo maana ya jina. Mbele yetu ni miiba na vumbi mpaka macho yachoke. Wanawake wa vijiji vitatu huja kuchota hapa, na ndovu na nyati nao huja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia maji ni ya watu. Sisi walinzi wa hifadhi tuko kumi na wawili, na bunduki ni kumi na mbili. Zote ziko chini ya mkono wangu.

Vumbi la huku, Baba, silo lile la Mombasa. Ni laini kama unga wa muhogo. Unamenya yai la kuchemsha, unalikuta ndani.

Sajini Anisa Hirad ni mtu wa Donholm, jirani yako kabisa. Ametumwa kwetu miezi mitatu. Siku ya pili alichukua bunduki mbili. Moja aliipaka kama tunavyopaka sisi. Nyingine aliipangusa mpaka ikabaki na utando tu, ule unaouhisi kwa kidole lakini huuoni kwa macho. Akaziweka mezani kando ya barabara asubuhi nzima, malori ya mchanga yakipita. Mchana akatuambia tuvute bolti, kile chuma cha kwenda nyuma na kurudi mbele kusukuma risasi ndani. Ile kavu ilirudi yenyewe. Ile ya mafuta ilirudi nusu ikasimama, kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini.

Wenzangu walinitazama, kwa sababu wanajua nilifundishwa na nani.

Nauliza tu, Baba, kama utaona vema. Huenda hali ya huku inataka mafuta machache? Nauliza kama mtu anayeuliza njia, si kama anayeijua.

Sajini anaandika mwongozo wa kutunza silaha, utumike katika hifadhi zote za ukanda huu. Ameniomba nimsaidie. Nilimtajia jina la mwalimu wangu, akaliandika.

Msalimie mama. Ndunge nimemwandikia kwa barua yake.

Mkweo,
Mwanzia


Umoja One
6 Februari 2025

Mwanzia,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili bila miwani, nikitumaini haitasema vile vile.

Majaribio ya mezani nimeyaona mengi. Mtu akijua anachotaka kukipata, hukipata. Hata mimi nikitaka kuonyesha kwamba cherehani hazifai kitu, nitachukua moja, niimwagie mchanga, halafu niite watu.

Mimi nimetunza silaha mahali ambapo upepo wa bahari unakula msumari kwa wiki mbili. Asubuhi unaacha bunduki ikiwa nyeusi, jioni unaikuta na kutu kama pilipili iliyosagwa. Ni mafuta yaliyoziokoa, tena mengi, ya kudondoka. Hakuna aliyenifundisha. Niliingia ghala lile kama mfagizi, nikafungua kilichofungwa na wengine, nikakirudisha bila kubakiza skrubu. Leo mtu anapewa cheti kwa majuma sita, anakuja kukwambia "utando".

Jumamosi nilifika Donholm. Sikwenda kuchunguza, nilikuwa napita. Mama yake huyo Sajini, Bi Ambaro, ana duka la rangi na vyuma karibu na barabara ya Outer Ring. Nilimwuliza kama ana mafuta mepesi ya mashine. Akaniuliza, "Ya cherehani au ya bunduki?" Nikajua nimefika. Alinikalisha akanipa chai yenye sukari ya kutosha harusi, tukaongea mambo ya kawaida. Hakuna cha maana alichosema.

Huo mwongozo, wewe umsaidie au usimsaidie, ni juu yako. Ila jina langu lisiandikwe kwenye kitabu kinachosema "kidogo".

Sasa nataka kitu kimoja. Niandikie, kwa mkono wako, kwamba unapaka kama nilivyokufundisha. Si kwamba sikuamini. Nataka tu karatasi.

Baba yako mkwe,
T. Wathome


Umoja One
10 Februari 2025

Ndunge binti yangu,

Nakuandikia kutoka Umoja hadi Komarock, mwendo ambao hata barua inaona haya kupelekwa. Lakini nikija kwako watoto hawatatuacha tuongee, na nikipiga simu utasema uko kwenye foleni ya benki.

Mume wako amepata mwalimu mpya. Simsemi vibaya, simjui. Ana miaka thelathini na mbili na hajaolewa. Mama yake aliniambia hayo bila kuulizwa, au baada ya kuulizwa kidogo. Wanakaa pamoja jioni wakiandika kitabu. Kitabu cha mafuta. Mimi nimefanya kazi na mafuta maisha yangu yote na sijaona yakihitaji kitabu, wala watu wawili.

Sijui chochote. Nasema tu kwamba mtu akianza kuacha alichofundishwa na wa nyumbani, huanza na kidogo. Leo ni mafuta ya bunduki.

Lifikirie. Mimi sikusema.

Baba


Komarock
12 Februari 2025

Baba,

Nimeiweka barua hii chini ya kifuniko cha bakuli la mahindi ya muthokoi kwa sababu ukinitazama sitaweza kuyasema, na nikishindwa utadhani sina la kusema.

Barua yako ilifanya kazi yake. Siku nzima nilikuwa mke mwenye wivu. Nilitoa shati aliloacha Krismasi nikalinusa kwenye kola, kwapani na mfukoni. Lilinuka Mwanzia na mafuta yako ya taa. Kazini nikamjibu mteja vibaya. Jioni nikamfokea mtoto kwa kosa la mwenzake. Nilipokwenda kulianika lile shati ndipo nikajiuliza, hiki kitu kimeingia kwangu kupitia mlango gani?

Wivu huu si wangu, Baba. Uliupima kwa mwili wako, ukaushona mwenyewe, halafu ukaniletea niuvae. Umenibana mabegani. Nimekurudishia.

Mwanzia aliniandikia juu ya huyo Sajini kabla yako. Alisema ni mkali, anakula pilipili kama karanga, na anamkumbusha wewe. Nilicheka. Sasa sicheki sana.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya hilo. Siku ile wazee wake walipoleta mahari, uliwaambia, "Mkwe wangu simtaki tajiri. Namtaka asiyenibishia." Watu wote walicheka. Yeye hakucheka, nilikuwa nachungulia nikamwona. Alilipokea kama sharti, na miaka minane amelishika. Kitanda chetu ulisema kikae ukutani upande wa kushoto, kiko kushoto. Mtoto wa pili ulisema aitwe Mutua, anaitwa Mutua, na mimi nilikuwa na jina langu.

Ukimwambia jambo, Baba, hatalipima. Atalifanya. Kwa hivyo lipime wewe kabla ya kulituma.

Bakuli nirudishie, nina mawili tu.

Ndunge


Kambi ya Bomba Mwisho
25 Februari 2025

Baba,

Umeomba karatasi, na hii ndiyo.

Bunduki niliyokabidhiwa naisafisha kila jioni kwa mafuta ya taa, naikausha kwa flana, na naipaka mafuta ya cherehani kama ulivyonifundisha, mpaka leso irudi na mafuta. Sijaruka hata siku moja. Naandika hivi nikijua kwamba kumdanganya baba mkwe ni jambo ambalo siwezi.

Mvua haijanyesha. Bomba linatoa maji saa mbili tu kwa siku, na wanawake wanapanga mitungi tangu alfajiri. Nyati mmoja dume, mzee, amefukuzwa na kundi lake na sasa anashinda hapa karibu na tangi. Tunamrudisha porini kwa kelele, naye anarudi kama mpangaji.

Wako mtiifu,
Mwanzia


Umoja One
2 Machi 2025

Mwanzia mwanangu,

Nimeipata. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani, kando ya kalenda ya kanisa. Mafundi wanaoleta mashine wananiuliza ni cheti gani, nawaambia ni cheti cha mtu kusikia.

Jana nilipita Donholm kwa bahati tu, karatasi ikiwa mfukoni. Bi Ambaro alikuwa na wateja. Nilingoja. Nilipomsomea alisema, "Maashallah, mkwe mtiifu," akanitazama zaidi kidogo kuliko nilivyotarajia, halafu akaniuliza kama huko kuna vumbi. Nikamwambia vumbi liko kila mahali.

Nakutumia chupa nne zaidi. Usizionee huruma.

Baba yako,
T. Wathome


Kambi ya Bomba Mwisho
15 Machi 2025

Mzee Wathome,

Hatujaonana, lakini jina lako nimelisikia kila siku kwa miezi miwili. Ndunge ameshakuambia kwamba Mwanzia aliumizwa na nyati siku ya Jumatano na kwamba yuko hospitali ya mjini. Mfupa wa paja umevunjika, mtulinga umevunjika, na mbavu tatu. Daktari anasema atatembea, ila mguu wa kushoto huenda ukawa mfupi kidogo. Hayo unayo. Ndunge hajakuambia ilikuwaje kwa sababu hajui, na Mwanzia ameniomba nisiseme. Nimejaribu kumtii siku tatu. Nimeshindwa.

Saa tatu asubuhi wanawake wapatao arobaini walikuwa kwenye foleni ya maji. Yule dume akatoka kwenye miiba, na mara hii hakujali kelele. Mwanzia ndiye aliyekuwa karibu. Alisimama kati yake na foleni, akapiga, akampiga begani. Risasi moja haimwangushi nyati mzee. Akavuta ya pili, haikwenda. Nilikuwa mita hamsini, nilimwona akivuta bolti kwa mkono, mara moja, mara mbili, nayo inaganda katikati. Angeweza kukimbia. Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja mjamzito aliyeng'ang'ania mtungi wake. Hakukimbia. Nyati alimbeba. Nuradin, mlinzi mwenzake, alifika akapiga risasi nne mfululizo, ndiyo ikawa salama yake.

Bunduki ya Nuradin ilikuwa kavu. Kumi na moja zote zilikuwa kavu, na aliyezikausha ni Mwanzia mwenyewe. Alielewa siku ile ile ya meza, akaelewa kuliko wote. Ila moja, ya kumi na mbili, aliendelea kuipaka mafuta kila jioni mpaka inadondoka. Nilimwuliza kwa nini. Akasema baba mkwe ameomba apake hivyo, na yeye hawezi kumbishia, wala hawezi kumwandikia uongo. Nikamwambia basi ampe mwingine. Akasema, "Bunduki nisiyoiamini siwezi kumpa mtu mwingine aibebe." Kwa hivyo akaibeba yeye.

Nilidhani ni utani wa wakwe. Ningemwamuru aikaushe, nina cheo cha kutosha. Sikuamuru. Hilo ni langu na nitalijibu kwa wakubwa wangu.

Baadaye niliifungua. Mafuta na vumbi vilikuwa vimekandana kwenye bolti kama ugali mweusi. Nilivikwangua kwa kucha.

Anataka niandike kwenye ripoti kwamba magazini ya risasi ilikuwa mbovu, ili jambo hili lisifike Umoja. Sitaandika hivyo. Lakini nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla ya kulisoma kwa mtu mwingine. Sikulaumu kwa ulichojua pwani. Kila mara nilipoingia ghala lake niliona ni mtu aliyefundishwa na fundi.

Wasalaam,
Sajini Anisa Hirad


Umoja One
20 Machi 2025

Mwanzia,

Najua mkono wako umefungwa na kwamba Ndunge ndiye atakayekusomea. Ndunge, soma yote. Usiruke panaponitia aibu, maana patakuwa pengi na barua itabaki fupi.

Simu nimepiga mara tatu, nikakata mara tatu.

Sajini ameniandikia. Amesema hanilaumu kwa nilichojua pwani. Ni mtu mwema, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu anadhani sikujua.

Mwaka 1992 nilitumwa kaskazini miezi mitano. Sijawahi kukusimulia. Nilifika na debe langu la mafuta, nikazipaka bunduki ishirini zikang'aa. Siku ya shabaha, kumi na moja ziliganda. Nilisimama mbele ya watu nikiwa na debe langu mkononi. Konstebo mmoja, Wesonga, mdogo wangu kwa cheo na kwa umri, akanivuta kando taratibu akaniambia, "Afande, huku mafuta yanapangusiwa shati." Tukazipangusa sote wawili, tukabakiza ule utando. Kesho yake zikapiga zote ishirini.

Nilikuwa najua basi. Nimejua miaka thelathini na mitatu. Nilijua nikisoma barua yako ya Januari, uliponieleza vumbi la kuingia kwenye yai. Niliona zile bunduki ishirini mbele yangu kama ninavyoona cherehani hii.

Umeniona nikijisifu kwamba hakuna aliyenifundisha. Hilo la shati nilifundishwa. Ndiyo sababu sikulihesabu kamwe kati ya mambo ninayoyajua. Lilikuwa na jina la mtu mwingine. Halafu wewe, ambaye kila unachojua kilikuwa na jina langu, ukaniandikia kwamba umepata kitu kutoka kwa mkono mwingine. Nikaona heri uwe mjinga wangu kuliko fundi wa Sajini. Sikuliwaza kwa maneno hayo. Lakini leo nikiyatafuta maneno, ni hayo.

Tena kuna la Donholm. Nilikuandikia kwamba Bi Ambaro hakusema la maana. Alisema. Alisema binti yake hajawahi kukuta ghala safi kama lako, na kwamba aliuliza kama yule mzee wa Umoja bado yu hai, angependa kuja kumwamkia akirudi. Nilikunywa chai ile nikatoka, na badala ya kufurahi nikakasirika zaidi. Mtu ukimwonea wivu halafu akakusifu, anakuwa amekunyang'anya hata sababu.

Ndunge, na wewe nilikuandikia barua ya kukuchoma kwa moto uliokuwa unaniunguza mimi. Uliniambia nipime kabla ya kutuma. Barua yako nilipoimaliza nilikula muthokoi, nikaosha bakuli, na sikupima.

Mwanzia, karatasi yako nimeibandua ukutani. Imeacha alama. Kosa hili ni langu peke yangu, lisigawanywe na mtu. Mafuta mengi ni mafundisho ya mtu mwenye kiburi, yatupwe yote, na huo mwongozo uandikwe bila mimi. Sajini nimemwandikia mistari miwili kumshukuru, na mmoja wa kumwomba radhi, ambao uliniandikisha karatasi nne.

Siku ya mahari niliomba mkwe asiyenibishia. Wazee wote walikuwa pale na hakuna aliyeniambia naomba kitu kibaya. Naliondoa sharti lile. Mbele ya binti yangu kama shahidi, nakupa ruhusa ya kunibishia, kuanzia leo, kwa jambo lolote, hata la kitanda.

Kuja huko sitakuja. Kwa desturi yetu baba mkwe hamwoni mkwe wake akiwa amelala. Nitakuona utakaposimama.

Titus Wathome


Hospitalini, wodi ya tatu
2 Aprili 2025

Baba,

Nasema, Ndunge anaandika. Nimemwambia asilainishe.

Barua yako amenisomea mara mbili. Ina makosa matatu.

La kwanza. Umeandika kosa ni lako peke yako, lisigawanywe. Si kweli. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili. Siku ile mezani nilielewa, na kila jioni niliposhika ile chupa ya cherehani nilijua ninachokifanya. Nilikiita heshima, lakini mengine yalikuwa uvivu, kwa sababu kukuandikia "Baba, umekosea" kulikuwa kazi kubwa kuliko kubeba bunduki mbovu. Yule mama mjamzito hakuwa amemwahidi mtu yeyote kitu siku ya mahari. Angekufa kwa adabu yangu. Kwa hivyo hapo mimi nachukua nusu, na usinibishie.

La pili. Umeandika mafuta mengi yatupwe yote. Umekosea tena, na hapa umekosea kama fundi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hifadhi mbili za huo mwongozo ziko mwambao, kwenye mikoko. Sajini hajawahi kulala usiku mmoja mahali penye chumvi. Akiandika "utando" na huko, kutu itakula silaha zote kabla ya Krismasi. Alikuwa hapa juzi na pilipili zake. Kurasa za pwani ameziacha tupu, anasema hawezi kuandika asichokijua, na anamjua mtu mmoja tu anayekijua. Lakini mafuta ya taa hayachujwi kwa flana. Inaacha nyuzi. Miaka miwili Mombasa nilikuwa nazitoa mtutuni kwa sindano ukishatoka, sikuwahi kusema. Tumia kitambaa cha pamba cha marekani.

La tatu. Umeandika kwamba kwa desturi yetu baba mkwe hamwoni mkwe wake akiwa amelala. Ndunge alimpigia shangazi yake Nzembi kule Mwingi. Nzembi akauliza wazee wawili, na mmoja wao ana miaka tisini na moja. Hakuna aliyewahi kuisikia. Desturi hiyo umeitunga mwenyewe, Baba, nadhani Alhamisi ile ile uliyoandika barua.

Saa za kuwaona wagonjwa ni saa sita mpaka saa nane mchana. Kitanda changu ni cha dirishani. Kuna mengine mengi ya kukubishia, ya miaka minane, lakini hayo nataka niyaseme nikikutazama.

Mwanzia,
kwa mkono wa Ndunge